Hersent wa Tao la Tatu

Baraza la mji wa Vernelle lilitunyang'anya nafasi ya kinu chetu chini ya tao la tatu la daraja, likampa Colart, mkwe wa Regnault Bochard, mkuu wa baraza hilohilo. Nalitaja hilo kwanza ili mtu asije akafika katikati ya maneno yangu akadhani nasimulia habari za mafuriko au za bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya. Watu waliifanya, majina yao wanayo, na Jumapili wanakaa viti vya mbele kanisani.

Aliyenyang'anywa zaidi si mimi. Ni Hersent, mama wa marehemu mume wangu, na habari hizi ni zake. Mimi sikufundishwa kusoma. Niliyo nayo ni macho, na miaka ishirini na mitatu niliyoishi na mwanamke huyo juu ya mbao zinazotikisika.

Hersent alizaliwa kinuni. Sisemi nyumbani kwa msagaji. Nasema kinuni, juu ya maji, kati ya magunia ya shayiri, kwa kuwa mama yake alikuwa akipokea nafaka asubuhi ile na uchungu haukungoja. Alikuwa mfupi, mabega mapana, na nywele zake zilikuwa nyeupe kwa unga tangu ujana, hata uzee ulipokuja hakuna aliyejua ulifika lini. Masikio yake yalikufa mapema. Anayeishi miaka mingi karibu na mawe yanayosagana husikia kidogo sana, na asiyesikia hupaza sauti. Hersent alipotaka kukunong'oneza siri, mbwa wa ng'ambo ya mto walibweka.

Siku niliyoletwa kwake kama mke wa mwanawe Gilet nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilitoka mlimani, kwa watu wa mizabibu, na sikuwahi kukanyaga kitu kinachoelea. Alinitazama kutoka kichwani mpaka viatuni.

"Umeleta nini, mtoto wa nchi kavu?"

"Mashuka mawili na kuku, Mama."

"Kuku anajua kuogelea?"

"Hapana, Mama."

"Basi mko wawili."

Wasafiri wa mashua waliokuwa wakingoja zamu walicheka mpaka wakajishika mbavu. Nililia jioni ile. Kesho yake, kabla jua halijapanda, alinifunga kamba kiunoni akanitumbukiza mtoni, akanivuta, akanitumbukiza tena, mpaka nikajua kuogelea. Hakusema neno la kunibembeleza. Lakini tulipomaliza alinivua nguo zilizolowa kwa mikono yake mwenyewe, akanipa supu ya kabichi yenye kipande cha nyama kilichokuwa chake.

Kinu chetu kilikuwa mashua mbili zilizofungwa sambamba, gurudumu katikati yake, chumba cha mbao juu ya ile mashua kubwa, na mnyororo mnene uliokishikilia kwenye pete ya chuma iliyopigiliwa katika nguzo ya daraja. Maji ya mto Loire hupita chini ya matao kumi na moja, lakini tao la tatu ndilo lenye nguvu. Vinu vingine husimama mwezi wa Agosti, mto unapobaki mchanga na vijito. Cha tao la tatu kilisaga Agosti pia. Babu wa babu yake Hersent ndiye aliyefunga mnyororo wa kwanza pale. Nafasi ya mtoni haina hati. Mwenye mnyororo kwenye pete ndiye mwenye tao, na watu wa mto wakitaka kuapa huapa mkono ukiwa umeishika pete, kwa kuwa pete haiendi popote.

Alinifundisha kazi bila kusikia chochote nilichomuuliza. Unga aliupima kati ya kidole gumba na cha shahada, macho yakitazama kwingine. Mawe aliyasikiliza kwa nyayo. Hata Januari alisimama peku juu ya mbao, na jiwe likianza kukwaruza jiwe, yeye kiziwi alijua kabla yetu sote. "Linalalamika," angesema, akashusha kabari kwa nyundo mara mbili, likatulia. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akichota kibaba cha msagaji, yaani ujira wetu wa unga, zaidi ya haki yake. Kwa wajane alikichota kwa mkono uliojikunja, ili kionekane kimejaa nacho kimejaa nusu.

Mume wangu Gilet alichukuliwa na wapiga upinde wa mji kwenda vitani kaskazini, hakurudi. Aliyeleta habari alikuwa mtu wa jirani aliyepoteza jicho. Ilibidi aipigie kelele habari hiyo, mara tatu, mbele ya watu waliokuja na magunia yao. Hersent alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Kisha akageuka akaendelea kusaga, akasaga mpaka jua lilipozama, na siku hiyo hakuchukua kibaba cha mtu yeyote. Kuanzia hapo tulikuwa wawili, wajane wawili juu ya maji. Wazazi wangu walituma mtu anirudishe mlimani nikaolewe tena. Hersent alimwambia yule mtu, "Mwulize yeye, si mimi. Mimi sisikii." Nilibaki.

Vernelle si mji mkubwa. Mvinyo wetu ni wa kawaida na mabinti zetu si warembo kuliko wengine. Tuna daraja. Ukishuka mto siku mbili hutakuta jingine la kubeba farasi na mizinga, na ukipanda mto siku moja na nusu vilevile. Ndiyo maana wafalme ambao hawajawahi kuonja jibini letu wanalijua jina letu. Kila jeshi linalotaka kuvuka huja kwetu, ama kwa kuomba au kwa kugonga. Na kila linapokuja, maseremala wa mji huvunja sakafu ya tao la sita, na watoto hushangilia mbao zikianguka majini mpaka mama zao wawazabe makofi.

Mwaka ninaousema Waingereza walikuja mwisho wa mavuno. Walishika kichwa cha daraja upande wa kusini, wakajenga ngome ya udongo na magogo, wakatutazama. Vinu vitatu vilivyokuwa chini ya matao ya upande wao vilichomwa wiki ya kwanza. Chetu kilikuwa upande wetu, karibu na ukuta, na wapiga upinde wetu walikilinda. Kwa hiyo mji mzima, na wakimbizi wa vijijini, na farasi wa kapteni wa askari wetu, wote wakawa wanakula kutoka kwenye mawe yetu mawili. Hersent alikuwa na miaka sitini na moja. Alilala akiwa amekaa. Siku moja mshale uliingia dirishani ukachoma gunia. Aliuchomoa, akaukagua, akasema mti wake ni mzuri, akautumia kuzibulia mfereji wa nafaka kila ulipoziba.

Mwezi wa Novemba Waingereza walianza jambo jipya. Chini ya mto, baada ya kona, walipanga mashua moja baada ya nyingine, wakazifunga kwa minyororo, wakatandika mbao juu. Daraja la mashua, kutoka kwao mpaka kisiwa cha mchanga, na kutoka kisiwani kuja upande wetu. Kila siku mlinzi wa mnara alihesabu mashua zilizoongezeka. Likikamilika wangevuka na farasi, wakaziba lango letu la kaskazini ambako ngano na chumvi zilikuwa bado zinaingia. Hapo tungekula panya kabla ya Krismasi, na baada ya Krismasi tungefungua malango.

Mvua ilinyesha juu ya mto siku nne. Maji yakapanda, yakawa rangi ya udongo, yakaleta magogo. Hersent aliacha kazi katikati, jambo ambalo hakulifanya alipofiwa, akapanda ukutani nami nikamfuata. Tulitazama gogo moja kubwa likishuka. Lilipogonga daraja la mashua, daraja lote likatetemeka kama mtu mwenye homa, Waingereza wakakimbia na miti mirefu kulisukuma lipite.

"Umeona?" alinguruma.

"Nimeona gogo, Mama."

"Gogo lile lina uzito wa ng'ombe wawili. Kinu kina uzito gani?"

Nilitazama chini, kwenye paa letu.

"Nimekuuliza, mtoto wa nchi kavu."

Nilimsogelea sikioni. "Mama, kinu ndicho tunacholala!"

"Sikuuliza tunalala wapi."

Alikwenda kwa kapteni mwenyewe. Sijui alisema nini, ila najua nusu ya mji ilisikia. Mchana ule Regnault Bochard, mkuu wa baraza, muuza vitambaa, alishuka ngazi ya kamba kuja kinuni. Ni mtu mwenye mikono laini na anaogopa maji kama paka. Wanaume wote wenye nguvu walikuwa ukutani. Juu ya daraja walikuwapo wafua nguo wa mji, zaidi ya ishirini, ambao Hersent aliwaita kwa sababu nitakayoitaja, na walikuwa wameinama ukingoni kutazama Bochard atakavyoanguka.

"Mama Hersent," alisema, "mji utakukumbuka."

"Nini?"

"Mji utakukumbuka!"

"Kukumbukwa hakusagi. Nataka tao langu."

"Nani amesema si lako?"

"Leo ni langu kwa kuwa mnyororo wangu upo pale. Kesho mnyororo utakuwa chini ya mto. Apa."

"Naapa, basi."

"Apa kama watu!"

Ilimbidi ajinyooshe kutoka ukingoni mwa mashua mpaka kwenye nguzo, maji ya udongo yakipita chini ya tumbo lake. Mimi nilimshika mkanda. Namwomba Mungu anisamehe, leo najuta kwamba nilimshika vizuri. Aliifikia pete, akaishika kwa mkono wa kulia, akaanza kusema kwa sauti ya mtu anayesali.

"Sisikii!" Hersent alipiga kelele.

Basi akapaza sauti. Alisema kwamba tao la tatu ni la Hersent na la mkwe wake Ameline, ndiyo mimi, pete iwe na mnyororo au isiwe nao, na kwamba mji utatujengea kinu kingine kwa mbao zake wenyewe. Aliyasema yote kwa sauti ya kuita mashua. Kule juu wafua nguo waliyasikia neno kwa neno, na mmoja wao, Mahaut, mwanamke mnene mwenye mikono kama ya mhunzi, akaita, "Ongeza sauti, Bwana Bochard, labda Waingereza nao wawe mashahidi!" Wenzake wakaangua kicheko.

Sasa sababu ya kuwaita. Waingereza wa ngomeni walikuwa wameishi na mdundo wa gurudumu letu miezi mitatu. Kinu kikiachiliwa kikafuata mkondo, gurudumu husimama, na kimya kile kingewaamsha kuliko tarumbeta. Hersent alitaka mdundo usikatike. Aliwapanga wafua nguo darajani na vibao vyao vya kufulia, wanne wakipiga mbao za sakafu, wengine wanne wakipumzika.

"Taratibu!" aliwapigia kelele. "Pah, kisha pumzi, kisha pah! Kinu si mbuzi anayeshuka ngazi!"

"Mama Hersent," Mahaut alisema huku akitoa jasho, "mume wangu akisikia napiga taratibu hivi atasema si mimi."

Hersent hakusikia neno, lakini aliona watu wakicheka, naye akacheka. Kisha alivua viatu, akasimama peku kwenye mbao za daraja, akawasikiliza kwa nyayo, akamrekebisha huyu na yule, mpaka akatikisa kichwa.

Alfajiri ya siku ya pili baada ya sikukuu ya Mtakatifu Martino, Novemba ileile, ukungu ulilala juu ya mto kama maziwa. Tulikuwa tumejaza kinu mawe ya ujenzi mpaka maji yakakaribia ukingo. Nyuma tulifunga mtumbwi. Kapteni alitaka kutupa wanaume wawili wa kushika kasia la usukani. Hersent alimwuliza kama wanaujua mchanga wa kona. Hawakuujua. "Basi watakaa wananitazama," alisema, "na mimi sitaki kutazamwa."

Kabla ya kufungua mnyororo alifanya kitu ambacho sikutazamia. Aliweka kiganja juu ya jiwe la kusagia, lile la juu, alilolichonga sijui mara ngapi katika maisha yake, akakaa hivyo kitambo kifupi. Kisha akaniambia, safari hii kwa sauti ndogo kweli, "Fungua."

Niligonga pini. Mnyororo ulinguruma ukazama. Kinu kikaondoka kimya kabisa, na nyuma yetu, juu ya daraja, vibao vikaanza: pah, pumzi, pah. Nilisikia Mwingereza akikohoa kwenye ukuta wao. Nilisikia mwingine akimwambia jambo. Wakati ule wote mama mkwe wangu alishika kasia kwa mikono miwili, miguu ameitanua, uso mbele, akisoma mto kwa nyayo kama asomavyo kasisi kitabu.

Kwenye kona mchanga ulitaka kutuvuta kulia. Kinu kikaanza kugeuka ubavu. Hapo ndipo tulipopaswa kuingia mtumbwini, tulikuwa tumekubaliana hivyo. Nilimvuta nguo. Akanipiga kwa kiwiko. Alilala juu ya kasia kwa uzito wake wote, na mimi nikalala juu yake, kichwa cha kinu kikarudi katikati ya mkondo taratibu, taratibu, kama ng'ombe anayegeuzwa. Daraja la mashua likatokea katika ukungu, jeusi, likiwa na watu juu yake. Mmoja alinyoosha mkono akapiga yowe.

"Sasa!" alisema Hersent.

Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umebanwa kati ya kasia na fremu. Niliusukuma mti kwa bega, nikamtoa, nikamtupa mtumbwini kama gunia, nikakata kamba. Mara kinu kikafika. Siwezi kusema mlio ule ulikuwaje. Mawe, minyororo, mbao, farasi. Mashua mbili zilipanda juu ya kinu, nyingine zikakatika zikaenda na maji, na gurudumu letu, ambalo lilikuwa limesimama njia nzima, likazunguka mara moja juu ya vifusi, likazama.

Mtumbwi ulitupeleka kwenye miti ya mierebi ya upande wetu. Vidole vitatu vya mkono wake vilikuwa vimesagika. Aliutazama mkono akasema, "Unga mbaya." Nilicheka na kulia kwa pamoja.

Maji yaliendelea kupanda siku saba, hawakuweza kulijenga upya. Siku ya tisa walichoma ngome yao wakaondoka. Kapteni alipeleka barua kwa mfalme. Naambiwa barua ilisema kwamba kapteni alilivunja daraja la adui kwa ujasiri wake, kwa msaada wa mbao fulani.

Hersent hakujali barua. Alikuwa na jambo lake. Kwa watu wa mto, kinu kinachokufa kazini huliliwa kama mtu. Pete yake huachwa wazi mwaka mzima, haifungwi hata mtumbwi, haianikwi hata wavu. Sote wa mtoni tunaijua desturi hiyo. Lakini kuna sheria ya mji nayo: pete ikikaa wazi mwaka na siku moja, tao hurudi kwa baraza. Kwa kawaida hazigombani, maana mwaka ukiisha mtu hufunga kinu chake kipya asubuhi ileile. Hersent angehitaji kinu kipya siku ya mwisho ya mwaka. Na kinu kipya kilikuwa mikononi mwa Bochard.

Mimi niliogopa. Ilipofika Agosti, bila hata ubao mmoja kukatwa kwa ajili yetu, nilimwambia, "Mama, tufunge hata mtumbwi. Siku moja tu. Nani atakuona?"

Alinitazama kama aliyenifumania naiba. "Gilet alipokufa, ulitafuta mume mwingine kabla matanga hayajaisha?"

"Hapana, Mama."

"Kwa nini?"

Niligeuka nikachochea moto.

"Yule mtu ameapa kwenye pete," akasema. "Kwa nini nikiaibishe kinu changu kwa kumwogopa muuza vitambaa?"

Naye Bochard alikuja kututembelea katika chumba tulichoazimwa nyuma ya kanisa, si mara moja, mara tatu. Alileta mvinyo. Alikaa kwenye kiti chetu kimoja. "Heshima yako kwa marehemu inaufundisha mji mzima, Mama Hersent," alipiga kelele sikioni mwake. "Hakuna haraka! Mbao zinakauka! Ngoja matanga yaishe!" Mbao zilikuwa zinakauka kweli. Niliziona, mwaloni mzuri, zimepangwa kwenye banda la baraza. Nilimbusu mkono siku hiyo. Nilimbusu mkono.

Mwaka ulipotimia tulikwenda bandani asubuhi. Banda lilikuwa tupu. Mtunza banda alitazama chini akasema mbao zilichukuliwa kwenda juu ya mto, kwenye uwanja wa maseremala, na kwamba sisi tungoje. Tulingoja; Hersent hakutaka mtumbwi ushike nafasi ya kinu alichoapiwa. Kesho yake, saa ya Misa ya kwanza, kinu kipya kilishuka na mkondo, mashua mbili za mwaloni mweupe, na Colart, yule mkwe wa Bochard, akiwa amesimama mbele amevaa kofia mpya. Karani wa baraza alikuwa amesimama darajani. Alisoma kwamba pete ya tao la tatu imekaa wazi mwaka na siku moja. Colart akafunga mnyororo.

Hersent alipanda darajani akamwendea Bochard. Watu wakajaa.

"Uliapa," alisema.

"Mama, sheria ni sheria. Pete ilikuwa wazi."

"Uliapa iwe na mnyororo au isiwe nao."

"Mbele ya shahidi gani?" alisema Bochard, si kwa ukali, kwa upole kama wa mtu anayepima kitambaa. "Mtaje mtu aliyekuwapo."

"Mimi nilikuwapo!" Mahaut alitoka mbele. "Na huyu, na yule, na sisi ishirini na wawili. Ulipiga kelele mpaka mate yakaturukia!"

Karani alikohoa. Alisema kwamba kwa mambo ya tao na ardhi, baraza linapokea ushahidi wa wanaume walipa kodi. Wanawake wa kufua nguo, Mungu awabariki, hawamo.

"Tulipokuwa tunapiga vibao tulikuwamo?" Mahaut aliuliza. Baadhi ya wanaume walitazama mto. Waume wa wanawake walewale walikuwapo, na walitazama mto.

Hersent alinigeukia. "Wanasema nini?"

Nilimpigia kelele sikioni, yote. Ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, kumpigia kelele maneno yale mbele ya watu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia Bochard, "Ningekutumbukiza siku ile, ungekuwa umeoga," akashuka darajani.

Sasa nitasema lililonifanya nimheshimu kuliko ule uvunjaji wa daraja. Colart hakuwa msagaji, alikuwa mkwe wa mtu. Mawe yake aliyaweka karibu mno, na unga wa mji ukatoka na mchanga, watoto wakaumwa matumbo. Masika ya mwaka uliofuata mto ulipanda ghafla mchana kweupe, na mnyororo wake, aliouacha mfupi bila kuulegeza, ukaanza kuivuta mashua chini. Watu walipiga kelele. Colart alipanda ngazi ya kamba akakimbia. Mimi nilisimama ukingoni na nikafurahi. Nasema kweli. Nilisema moyoni, izame.

Hersent alinipita akiwa peku. Alishuka ngazi ile kwa mkono mmoja mzima na mwingine wa vidole viwili, akagonga pini ya pili, akalegeza mnyororo viungo vitano, kinu kikanyanyuka kikatulia. Na akiwa mle ndani akasimama kidogo juu ya mbao, nikaona anasikiliza. Akachukua nyundo, akapandisha jiwe la juu mara mbili. Alipopanda nilimvamia.

"Mama! Kwa ajili ya Colart?"

"Colart nani?" alisema. "Watoto wanakula mchanga."

Kuanzia siku hiyo alishuka kila Jumatatu kuweka mawe sawa, na Colart akamwachia nafasi kwa aibu, akamshikia ngazi. Bochard alipoona hivyo alituma karani: baraza limeamua kumpa Hersent mkate mmoja kila Jumapili na kiti karibu na mlango wa kanisa. Hersent aliniuliza karani anasema nini. Nilimwambia. Alimrudisha na kikapu chake cha mkate. "Mwambie nasaga kwenye tao langu," alisema. "Huyo kijana ni mgeni wangu tu."

Alifariki Kwaresima iliyopita, asubuhi, akiwa amekaa. Wafua nguo ndio waliombeba, wote ishirini na wawili kwa zamu, na walipopita darajani walisimama juu ya tao la tatu kitambo kirefu hivi kwamba mikokoteni ya soko iliziba mpaka langoni. Baraza halikutuma mtu. Colart alisimamisha kinu mpaka walipopita. Hilo nalikiri.

Jumatatu sasa hushuka mimi. Nyayo zangu hazisikii kama zake, lakini zinajifunza.

Sitaki mkate wa Jumapili, na kiti cha mlangoni wakikalie wao. Regnault Bochard anadaiwa neno alilolisema mkono wake ukiwa kwenye pete, na anadaiwa kulirudia mahali palepale, kwa sauti ileile, wakiwapo wale wanawake ishirini na wawili. Baraza la Vernelle linadaiwa tao la tatu na kinu cha mbao za mji. Waume walioutazama mto siku ile wanadaiwa ushahidi wao. Aliyeahidiwa kwanza ni Hersent, na amekufa hajalipwa. Aliyeahidiwa wa pili ni mimi, Ameline, mkwe wake, na bado nipo.